Nani Mwenye Neno la Mwisho Kwenye Muhtasari? Mjadala kutoka Kinyangiri

Kata ya Kinyangiri ipo Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya Iramba kugawanywa. Watu wa huku wanalima alizeti, mtama na mahindi, wanafuga ng'ombe na mbuzi, na wengi wao nyumbani huongea Kinyiramba. Kama ilivyo vijijini kote Tanzania Bara, mambo mazito ya maisha yao hupitia kwenye karatasi moja: muhtasari wa kikao. Kiwanja kikigawiwa, malisho yakitengwa, mchango wa darasa ukipangwa, sheria ndogo ya kulinda kisima ikitungwa, kinachobaki baada ya watu kutawanyika ni yale yaliyoandikwa. Karatasi hiyo ina mikono mingi. Afisa Mtendaji wa Kijiji huandika kwa kuwa ndiye katibu, Mwenyekiti huongoza kikao na kutia saini, wajumbe husahihisha, na wananchi kwenye mkutano mkuu husikiliza na kuamua. Hiyo ni timu ya uandishi, hata kama haijiiti hivyo, na kama timu yoyote ya uandishi hufika siku ikagombania neno la mwisho. Mjadala huu unaleta misimamo inayosikika kila ugomvi huo unapozuka. Wanaosema hapa ni vyeo na hoja zake, wala si watu fulani wa kijiji fulani. Msimamo wangu nautaja mapema: neno la mwisho lisifuate ukubwa wa mtu, lifuate hatua ya kazi, na mgawanyo huo ukubaliwe kabla kalamu haijagusa karatasi.

MWENYEKITI: Mwanangu Mtendaji, mimi nimechaguliwa. Wananchi walipanga foleni wakanipigia kura, na baada ya miaka mitano watanihukumu kwa kura hizo hizo. Wewe umeletwa na Halmashauri ya Wilaya, kesho unaweza kuhamishiwa kata nyingine ukatuacha na maneno yako. Muhtasari ukiwa na kosa, wananchi watakuja mlangoni kwangu. Kwa hiyo kabla haujapigwa mhuri, mimi ndiye wa kusema sentensi hii ibaki na hii iondoke.

Hoja hii ina uzito. Uwajibikaji kwa wapiga kura ni jambo la msingi, na mwenyekiti anayesaini asichokubaliana nacho anajibebesha mzigo usio wake. Hata hivyo kura za wananchi zilimpa mamlaka ya kuongoza kikao, hazikumpa mamlaka ya kukiongoza upya baada ya kwisha. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, ambayo leo ni Sura ya 287, imeweka halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na juu yake ikaweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, uwe mamlaka ya juu katika sera za jumla za kijiji. Mwenyekiti ni mmoja ndani ya vyombo hivyo viwili. Akifuta sentensi peke yake ofisini, hajamshinda mtendaji. Amewafuta wajumbe wenzake waliokaa na kuamua. Kuchaguliwa kunampa haki ya kusema, "Hapa sikunukuliwa sawasawa," na haki hiyo lazima ilindwe. Hakumpi haki ya kuandika uamuzi ambao kikao hakikuufanya.

MTENDAJI: Mzee wangu Mwenyekiti, kwa heshima yako, katibu ni mimi. Nimesomea kazi hii, na mkaguzi akija kutoka Nduguti, makao makuu ya wilaya, daftari ataniuliza mimi. Kikao chenyewe watu huongea kwa pamoja, mmoja Kiswahili, mwingine Kinyiramba, mzee wa pale nyuma anaanza na historia ya babu yake ndipo afike kwenye hoja. Mtu anayejua kupanga hayo yote yakasomeka ni yule aliyeyaandika. Kila mtu akishika kalamu, muhtasari hautakwisha.

Mtendaji naye anasema kweli, tena kweli ambayo wasioandika huisahau. Kuandika muhtasari ni kazi ya kuchagua. Mjumbe akieleza kwa Kinyiramba kwa dakika nyingi kwa nini njia ya mifugo isipite karibu na kisima, na karatasi ya Kiswahili ikabeba mstari mmoja tu, mwandishi ameshaamua kipi ni hoja na kipi ni maelezo. Ndiyo maana rasimu inahitaji mkono mmoja: sentensi zinazotungwa na watu kumi na tano hazieleweki na yeyote. Lakini kwa kuwa mwandishi anachagua, hafai kuwa pia mwamuzi wa uchaguzi wake. Chukua mfano wa kubuni wa ukurasa mmoja. Juu kuna orodha ya waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa na wasiohudhuria bila taarifa. Inafuata agenda ya kuthibitisha muhtasari uliopita, kisha yatokanayo. Kwenye agenda ya nne, kuhusu eneo la malisho, imeandikwa: "Wajumbe walikubaliana kwa kauli moja eneo lipimwe." Kumbe wajumbe watatu walikataa, wakataka kwanza mipaka na kijiji jirani ijulikane. Mtendaji hakukusudia ubaya. Alitaka karatasi isomeke vizuri. Ila miezi sita baadaye, wapimaji wakigombana na wafugaji, wale watatu wataambiwa kwamba nao walikubali, na ushahidi utakuwa dhidi yao. Ustadi wa uandishi unampa mtendaji mamlaka juu ya mpangilio wa maneno. Juu ya ukweli wa yaliyotokea, mashahidi ni wote waliokuwepo.

MJUMBE: Kama ni hivyo basi dawa ni rahisi. Tuandike wote. Kila sentensi isomwe, tuipigie kura, tuendelee na nyingine. Hapo hakuna mkubwa wala mdogo, na hakuna atakayelalamika.

Usawa wa namna hii unavutia, lakini haufanyi kazi, na sababu si uvivu wa wajumbe. Kikao kinachopigia kura kila sentensi kinageuka kuwa kikao cha sarufi. Wenye Kiswahili cha shule watashinda kila mara, na yule mama mwenye hoja nzito asiyezoea lugha ya ofisini atanyamaza. Tena kura ya wengi haiwezi kubadili kilichotokea. Kama watatu walipinga, walipinga, hata kumi na wawili wakipiga kura kwamba hawakupinga. Kinachohitajika ni kutenganisha kazi nne ambazo huchanganywa: kuandika, kuongoza, kusahihisha na kuthibitisha. Kuandika ni kwa katibu. Kuongoza mjadala ni kwa mwenyekiti. Kusahihisha ni haki ya kila mjumbe aliyehudhuria. Kuthibitisha ni kwa kikao chenyewe, kikiwa kimekaa na akidi imetimia. Ugomvi wa mamlaka huanza pale mtu mwenye kazi moja anapojichukulia ya pili kimyakimya: katibu anayejithibitishia, au mwenyekiti anayejiandikia.

Historia yetu ina mfano wa jinsi kazi hizo zinavyoweza kukaa mahali pake. Rasimu ya Azimio la Arusha iliandikwa na Mwalimu Nyerere, lakini Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikaa Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, ikaijadili na kuipitisha, na tarehe 5 Februari likatangazwa kuwa azimio la chama. Aliyeshika kalamu alijulikana, na chombo chenye uamuzi kilijulikana. Atakayesema kwamba nani angethubutu kumpinga Mwalimu ana haki ya kuuliza, na sidai kwamba utaratibu peke yake ndio uliozaa makubaliano yale. Ninachosema ni kidogo zaidi: hata kiongozi mwenye nguvu kiasi kile aliona kwamba maandishi yake hayawi ya chama mpaka chombo cha chama kiyakalie. Kama yeye alihitaji kikao, mwenyekiti wa kijiji hawezi kudai kwamba sahihi yake inatosha.

Mfano wa pili ni mchungu, na unaonyesha kinachotokea mipaka ya kazi isipoeleweka kwa wote mapema. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilianza kazi Mei 2012, ikakusanya maoni ya wananchi, na tarehe 30 Desemba 2013 ikakabidhi rasimu ya pili iliyopendekeza muungano wa serikali tatu. Bunge Maalum la Katiba likaanza kukaa Dodoma tarehe 18 Februari 2014, mwenyekiti wake akiwa Samuel Sitta na makamu wake Samia Suluhu Hassan, likawa na Kamati ya Uandishi iliyoongozwa na Andrew Chenge. Kwa maneno mengine, hati moja ilikuwa na waandishi wa zamu mbili. Waliopokea walikuwa na ruhusa ya kuboresha tu kazi ya waliotangulia, au waliweza kubadili hata msingi wake? Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilikuwa na kifungu cha 25 kuhusu mamlaka ya Bunge Maalum, lakini kila upande ulikisoma kivyake, na suala likafika hadi Mahakama Kuu. Tarehe 16 Aprili 2014 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani uliotetea rasimu ya Tume, walitoka nje. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa, yenye serikali mbili, tarehe 2 Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyokuwa ipigwe 30 Aprili 2015 iliahirishwa wakati uandikishaji wa wapiga kura ukiwa haujakamilika, na haijapigwa.

MJUMBE: Hapo unalinganisha mambo yasiyolingana. Ule ulikuwa ugomvi wa siasa, wa Muungano wenyewe. Hata wangekuwa na utaratibu mzuri namna gani, wangegombana tu.

Ni kweli wangegombana. Suala la serikali mbili au tatu ni kubwa kuliko kifungu chochote cha utaratibu. Lakini hakuna hati ya maana isiyo na siasa ndani yake, na hiyo ni pamoja na muhtasari wa kijiji unaogawa malisho kati ya mkulima na mfugaji. Utaratibu hauna kazi ya kuondoa ugomvi wa maslahi. Una kazi ya kuupa mahali pa kufanyikia. Pale Dodoma watu walikuwa na ugomvi wa aina mbili kwa mpigo: ugomvi juu ya muundo wa Muungano, na ugomvi juu ya nani ana haki ya kuuamua katika hatua ile. Ule wa kwanza ungeweza kujadiliwa kwa hoja hadi mwisho. Ule wa pili ulifanya kila hoja ionekane ni hila, kwa sababu upande mmoja haukukubali kwamba mwingine una mamlaka ya kuitoa. Vijijini ni vilevile. Watu wakibishana kuhusu malisho watafika mahali. Wakianza kubishana kama mwenyekiti alikuwa na haki ya kubadili agenda ya nne, malisho yatasahaulika na uhasama utabaki.

MZEE: Wanangu, mnazungumza sana habari za karatasi. Sisi tulisuluhishana kwa kukaa chini ya mti, tukaongea mpaka wote tukawa na neno moja. Ukiandika kwamba fulani na fulani walipinga, umeandika uadui. Watoto wao watausoma. Heri muhtasari useme tulikubaliana, na yaliyobaki tuyamalize sisi kwa sisi.

Kati ya pingamizi zote hili ndilo la kuheshimiwa zaidi, kwa sababu linatoka kwenye nia ya kuwaweka watu pamoja. Kuongea mpaka neno moja lipatikane ni hazina, na kikao kinachoweza kufika hapo kisikimbilie kura. Lakini maridhiano ya mdomo hudumu maadamu wasuluhishi wapo hai na wanakumbuka. Karatasi itasomwa na watu wasiokuwepo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaiweka halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi ya kijiji kama mdhamini, na inaikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mgogoro ukizuka, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na angalau watatu wao wanawake, litajaribu kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ataulizwa kila mtu: idhini ya mkutano mkuu iko wapi? Muhtasari uliosema "kwa kauli moja" wakati haikuwa moja utamsaidia mwongo na kumwangusha mkweli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ardhi ni mali. Kwa ajili ya wasiwasi wa Mzee, iko njia ya kati: muhtasari utaje idadi ya waliopinga na sababu yao, na majina yaandikwe pale wenyewe wanapotaka. Aliyesikia sababu yake ikisomwa mbele ya wote ana haja ndogo zaidi ya kuipeleka kilabuni au mahakamani. Uadui huota zaidi palipofutwa neno la mtu kuliko palipoandikwa.

MAMA MKULIMA: Yote mazuri, lakini mnajua mvua hazisubiri. Tukikaa kuthibitisha na kusahihisha, mbegu za alizeti zitafika lini? Mchango wa darasa utaanza lini? Sisi tunataka uamuzi ufanye kazi, si kuzungushwa vikao vitatu.

Mama huyu anaweka kipimo sahihi: utaratibu unaochelewesha maisha ya watu hautadumu. Kwa hiyo sipendekezi vikao zaidi. Napendekeza dakika chache za mwisho wa kikao kile kile. Kabla mwenyekiti hajafunga, katibu asome kwa sauti maazimio tu, si maelezo yote: tumeamua nini, nani atatekeleza, lini, wangapi walikataa na kwa sababu gani. Kama kuna waliozungumza Kinyiramba, asome na kwa Kinyiramba. Marekebisho yafanyike papo hapo, na mwenyekiti na katibu watie saini chini ya maazimio hayo siku hiyo hiyo. Kwa mambo ambayo yamo ndani ya mamlaka ya kikao hicho, utekelezaji unaweza kuanza kesho yake, na maelezo marefu yakasubiri kuthibitishwa kikao kijacho. Utaratibu huu unaokoa muda, maana ugomvi wa muhtasari uliobadilishwa baadaye ndio hula msimu mzima.

Yanabaki mambo mawili ya kukamilisha mgawanyo huu. La kwanza ni namna ya kusahihisha. Neno lenye kosa likatwe kwa mstari mmoja, lile la zamani likiwa bado linasomeka, neno sahihi liandikwe juu yake, na mwenyekiti na katibu waweke vifupi vya sahihi pembeni pamoja na tarehe. Ukurasa usichanwe, na muhtasari mzima usiandikwe upya na kupigwa mhuri kana kwamba ule wa kwanza haukuwepo. La pili ni pale mwenyekiti na mtendaji wanaposhindwa kabisa kukubaliana kuhusu kilichosemwa. Hapo pasiwe na mshindi wa ofisini. Matoleo yote mawili ya sentensi hiyo yapelekwe kwenye kikao kijacho chini ya agenda ya kuthibitisha muhtasari, na waliohudhuria waseme walichosikia. Mtendaji wa Kata anaweza kuitwa asuluhishe, lakini asuluhishe utaratibu tu: je, kikao kiliitwa inavyotakiwa, akidi ilitimia, maazimio yalisomwa? Maudhui ya uamuzi si yake. Akiyaingilia, atakuwa ameongeza mwandishi wa tatu kwenye ugomvi wa wawili.

MTENDAJI: Na kama Mwenyekiti atakataa kusaini? Maana hilo hutokea, na bila sahihi yake wilayani karatasi hairudi na kitu.

Basi na aandike kwamba amekataa, na kwa nini. Kukataa kusaini kimya kimya ni kutumia kalamu kama kufuli. Kukataa kwa maandishi ni kutoa hoja, na hoja inaweza kujibiwa na kikao. Mtendaji naye asitumie mhuri kama kufuli, akikaa na muhtasari mezani mpaka mwenyekiti amnyenyekee. Wote wawili wafungwe na sharti moja: maazimio yaliyosomwa na kukubaliwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, mahali ambapo kila mkazi anaweza kuyasoma. Karatasi iliyo hadharani haina mtu mmoja anayeimiliki, na ndivyo inavyopasa, kwa sababu mwenye muhtasari hakuwa Mwenyekiti wala Mtendaji tangu mwanzo. Mwenye muhtasari ni kikao, na nyuma yake ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenyekiti ana haki ya kunukuliwa kwa ukweli na wajibu wa kuongoza kwa haki. Mtendaji ana haki ya kuandika bila kusukumwa na wajibu wa kusahihishwa. Wajumbe wana haki ya kusahihisha na wajibu wa kukaa mpaka maazimio yasomwe, badala ya kuondoka pindi posho au soda ikishagawiwa. Wananchi wana haki ya kuona na wajibu wa kuuliza. Hakuna haki hata moja kati ya hizi inayohitaji sheria mpya wala fedha za mradi. Zinahitaji uamuzi wa kikao kimoja, uandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari: nani anaandika, nani anaongoza, nani anasahihisha, na nani anathibitisha. Wajumbe wa halmashauri za vijiji vya Kinyangiri, na wenzenu kote Mkalama, ombeni jambo hili liwe agenda ya kikao kijacho, wakati hakuna ugomvi na watu bado wanasalimiana vizuri.